Kuendesha mkanda wa LED zinazoamriwa moja moja: kuanzia umeme hadi programu

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Lubumbashi, mjini kati na hata pembezoni mwa soko la Kenya, mtaa wa jiji hilo hilo, karibu kila mkanda wa taa wenye rangi huuzwa kwa jina moja la RGB (nyekundu, kijani na bluu), ingawa jina hilo hufunika vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni mkanda ambao taa zake zote hubadilika rangi kwa pamoja: ukiwa mwekundu, ni mwekundu wote. Cha pili ni mkanda ambao kila LED ina chipu yake ndani, kwa hiyo taa ya kumi inaweza kuwa nyekundu wakati ya kumi na moja imezimwa na ya kumi na mbili ni ya kijani. Mwongozo huu unahusu mkanda wa aina ya pili, hasa ule wenye LED za WS2812B za kampuni ya Worldsemi ya China, ambao umeenea kuliko mingine.

Mfano tutakaoufuata ni mdogo: mkanda wa mita moja wenye LED 60, utakaobandikwa kwenye ukingo wa rafu ya butiki, ukiongozwa na bodi ya Arduino Nano, ambayo ni kompyuta ndogo sana, na ambao utaendelea kuwaka hata SNEL, shirika la umeme la Kongo, inapokata umeme. Sehemu kubwa ya maelezo inahusu volti, ampea na waya, na programu inakuja baadaye. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa sababu hitilafu nyingi ambazo watu huzitafuta usiku kucha ndani ya programu huwa ziko kwenye waya wa hasi, kwenye chaja dhaifu, au kwenye kiungo kilicholehemiwa vibaya.

Hatua ya kwanza: hakikisha mkanda ni wenyewe

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aukunjue mkanda kidogo, kisha uangalie vijipande vya shaba vilivyo kati ya LED moja na nyingine, pale ambapo mkanda hukatwa kwa mkasi. Vikiwa vinne na vimeandikwa 12V, R, G na B, huo ni mkanda wa rangi moja kwa wote, na hakuna programu itakayoubadilisha. Vikiwa vitatu, vimeandikwa 5V (chanya), GND (hasi) na DIN (data inayoingia), na upande wa pili wa kila LED DIN inageuka kuwa DO (data inayotoka), huo ndio unaotakiwa. Mara nyingi kuna pia mshale mdogo unaoonyesha data inakoelekea. Usiupuuze, kwa sababu mkanda unaolishwa data kutoka mwisho wake hauwaki kabisa.

Angalia na LED yenyewe, mraba mweupe wa milimita 5 kwa 5. Ndani ya WS2812B, chini ya utomvu angavu, huonekana kipande kidogo cheusi kando ya vitone vitatu vinavyotoa rangi, na nyuzi nyembamba kuliko unywele zikiunganisha vyote. Kipande hicho cheusi ndicho chipu, na mkanda wa kawaida hauna kitu hicho.

Ipo mikanda mingine inayoamriwa, na inafaa kuitambua ili usishangae. WS2815 hutumia volti 12 na ina waya wa pili wa data wa akiba, hivyo LED moja ikifa zinazofuata huendelea kuwaka. SK6812 ya aina ya RGBW huongeza taa nyeupe ya nne, nayo huhitaji biti 32, yaani alama 32 za sifuri au moja, badala ya 24. APA102 ina waya wa data na waya wa saa, unaobeba mapigo ya muda. Mikanda ya WS2811 ya volti 12 kwa kawaida huongoza LED tatu tatu kwa pamoja. Yote huongozwa kwa njia inayokaribiana na hii, lakini aina yake lazima itajwe sawasawa kwenye programu.

Hatua ya pili: elewa data inavyosafiri

LED ya WS2812B haina anwani iliyoandikwa ndani yake. Anwani yake ni mahali ilipo kwenye mkanda. Maikrokontrola, yaani kichakataji cha bodi, hutuma mfululizo wa biti kwenye waya mmoja. LED ya kwanza huchukua biti 24 za mwanzo, yaani baiti moja ya kijani, moja ya nyekundu na moja ya bluu, kwa mpangilio huo huo, kisha huzipitisha zote zinazofuata kwa jirani yake, kama mwanafunzi wa dawati la mbele anayepokea rundo la madaftari, akachukua la juu na kupeleka mengine nyuma. Waya wa data ukikaa kimya kwa muda wa mikrosekunde 50 kwa matoleo ya zamani, au 280 kwa matoleo mapya, LED zote huonyesha rangi zilizopokea, na mfululizo unaofuata huanzia tena kwa LED ya kwanza.

Kutokana na hayo yanatoka mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba chipu haipitishi tu biti bali huzitengeneza upya, na ndiyo maana ishara haichoki hata kwenye mkanda mrefu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo LED moja iliyokufa hukata data kwa zote zilizo nyuma yake. Ukiona taa zinawaka vizuri hadi ya 23 kisha giza, mkosaji ni ya 23 au ya 24, kwa kuwa ya 23 inaweza kupokea rangi yake vizuri na bado ikashindwa kupitisha zilizobaki.

La pili ni muda. Kila biti huchukua mikrosekunde 1.25, na kinachotofautisha sifuri na moja ni urefu wa muda ambao waya unakaa juu: takribani mikrosekunde 0.4 kwa sifuri na 0.8 kwa moja. Huwezi kuyafanya hayo kwa amri za kawaida za kuwasha na kuzima pini, kwa hiyo tunatumia maktaba, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa, kama FastLED au Adafruit NeoPixel. Kwenye bodi za aina ya Nano na Uno, maktaba hizo husimamisha kazi nyingine za kichakataji wakati wa kutuma. LED 60 huhitaji karibu milisekunde 1.8, na LED 300 karibu milisekunde 9. Anayetaka kuongoza mkanda kwa rimoti ya televisheni kupitia bodi hizo atapata taabu, kwa sababu ishara ya rimoti ikifika katika muda huo hupotea.

Hatua ya tatu: hesabu umeme kabla ya kuunganisha chochote

Kila LED ya WS2812B ina taa tatu ndani yake, na kwa toleo linalojulikana zaidi kila moja hutumia hadi miliampea 20. Ikiwaka nyeupe kamili, LED moja hufikia miliampea 60. Kwa LED 60 hiyo ni ampea 3.6, na kwa mkanda wa mita tano wenye LED 300 ni ampea 18, sawa na wati 90. Matoleo mapya hutumia pungufu ya hapo, lakini mtu anayepanga umeme apange kwa kiwango cha juu.

Kwa mfano wetu, tafuta chaja au kigeuzi cha umeme kinachotoa volti 5 na ampea 5, ili kisifanye kazi kwenye ukomo wake muda wote. Chagua kilichoandikwa kwamba kinapokea volti 100 hadi 240, kwa sababu umeme wa mitaani hushuka na kupanda, na kifaa cha aina hiyo huvumilia mabadiliko bila mkanda kujua lolote. Vile vigeuzi vya bati vyenye matundu na skrubu za kufungia waya ni imara, lakini skrubu zake mbili hubeba volti 220 zikiwa wazi. Kisitumike butikini bila kufungiwa ndani ya kasha, na kazi ya upande huo ifanyike plagi ikiwa imetolewa ukutani.

Usilishe mkanda kupitia bodi. Pini ya 5V ya Nano iliyochomekwa kwenye kompyuta hupata umeme wa USB, na mlango wa kawaida wa USB 2.0 umepangwa kutoa miliampea 500. Hizo zinatosha LED nane nyeupe na si zaidi. Bodi na mkanda vilishwe vyote kutoka kwenye chanzo kimoja cha volti 5, kila kimoja kwa waya wake.

Kuna na matumizi ambayo watu huyasahau: LED iliyoamriwa kuwa nyeusi bado hula karibu miliampea moja kwa ajili ya chipu yake. Mkanda wa LED 300 unaoonekana umezimwa huweza kunywa ampea 0.3 usiku kucha. Penye umeme wa ukutani hilo si kitu, lakini penye betri ni hasara, na dawa yake ni swichi halisi kwenye waya wa chanya.

Hatua ya nne: chagua waya

Mtu anaweza kudhani kwamba Katanga, ambako shaba huchimbwa, hapakosi waya mzuri. Lakini sokoni hazikosekani waya za alumini zilizopakwa shaba juu. Kwangua nyuzi kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba ya unene ule ule na hukatika haraka inapokunjwa. Kwa volti 220 tofauti inaweza isionekane, ila kwa volti 5 huonekana kwa macho.

Hesabu yenyewe ni hii. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.0115 kwa kila mita. Kigeuzi kikiwa mita tatu kutoka kwenye rafu, umeme husafiri mita tatu kwenda na tatu kurudi, yaani mita sita, ambazo ni omu 0.07. Kwa ampea 3.6 tunapoteza volti 0.25, na hilo halina ubaya. Waya wa milimita mraba 0.5 kwa umbali huo huo hupoteza volti 0.74, na mkanda unabaki na volti 4.26. Nyuzi za kebo ya mtandao, ambazo fundi wa haraka huzikimbilia kwa kuwa zimejaa kila mahali, zingepoteza karibu volti 1.9 kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo weka kigeuzi karibu na mkanda na uache waya mrefu uwe ule wa 220.

Hiyo ndiyo sababu iliyofanya umeme wa bwawa la Inga uletwe hadi mji wa Kolwezi, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, kwa volti 500,000 na si kwa volti za nyumbani: nguvu ile ile ikipita kwa volti kubwa huhitaji ampea chache, na ampea chache hupotea kidogo njiani. Anayetaka kuzungushia ukumbi mzima wa harusi mkanda wa mita ishirini na afikirie mkanda wa volti 12 kwa hoja hiyo hiyo.

Shaba iliyo ndani ya mkanda wenyewe nayo ni nyembamba sana. Kwenye mkanda mrefu, taa za mwisho zikiamriwa kuwa nyeupe huonekana za manjano, kisha za rangi ya chungwa, kwa sababu kijani na bluu huhitaji volti karibu 3 ili ziwake vizuri ilhali nyekundu hutosheka na 2. Ukiona rangi inageuka hivyo, usiguse programu. Peleka waya mwingine wa chanya na wa hasi hadi mwisho wa mkanda, na ukizidi mita tano ongeza mwingine katikati. Ukitumia vigeuzi viwili, unganisha hasi zao pamoja, lakini chanya zake zisikutane: kata kijipande cha 5V pale sehemu moja inapoishia, ili kila kigeuzi kilishe upande wake.

Hatua ya tano: unganisha

Utahitaji rezista moja ya omu 330 na kapasita moja ya mikrofaradi 1000 inayostahimili volti 6.3 au zaidi. Kapasita hukaa kati ya 5V na GND mwanzoni mwa mkanda, mguu wake wa hasi, ulio upande wenye mstari, ukielekea GND. Kazi yake ni kupokea msukosuko wa umeme pale unapowasha na pale LED zote zinapobadilika ghafla. Ikigeuzwa huweza kupasuka, kwa hiyo angalia mara mbili. Rezista hukaa kwenye waya wa data, karibu na mkanda, na huzuia ishara isirudi nyuma na kuvuruga LED ya kwanza.

Kulehemu kwenye mkanda kunahitaji mkono mwepesi. Paka kwanza tone dogo la solda kwenye kijipande cha shaba na tone lingine kwenye ncha ya waya, kisha vikutanishe na uviguse kwa chuma cha moto kwa sekunde mbili hivi. Ukikawia, kijipande hubanduka kwenye plastiki, na itabidi ukate LED nzima ili upate kingine. Ukimaliza, vuta waya kidogo. Kiungo kizuri hung'aa na hakichezi, kibovu huwa na rangi ya majivu na uvimbe.

Waya ziende hivi: chanya ya kigeuzi kwenye 5V ya mkanda na kwenye pini ya 5V ya Nano; hasi ya kigeuzi kwenye GND ya mkanda na kwenye GND ya Nano; pini ya D6 ya Nano kwenye rezista, na rezista kwenye DIN. Hasi ya pamoja ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Data ni volti inayopimwa kutoka kwenye hasi, na bodi isiyoshiriki hasi na mkanda inasema lugha ambayo mkanda hauna pa kuipimia, hivyo taa huwaka ovyo au hukaa kimya. Waya wa GND uwe wa kwanza kuunganishwa na wa mwisho kutolewa, na usitume data kwenye mkanda usio na umeme, kwa sababu chipu ya kwanza itajaribu kujilisha kupitia mlango wake wa data na inaweza kuungua.

Wakati wa kupakia programu kutoka kwenye kompyuta, toa kwanza waya wa 5V unaokwenda Nano, uache GND na data, ili USB na kigeuzi visisukumane.

Hatua ya sita: programu ya kujaribia

Weka Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia amri za bodi, kwenye kompyuta. Maktaba ya FastLED inaweza kupakuliwa mara moja ikiwa faili la ZIP, mahali penye intaneti nzuri, kisha ikabebwa kwenye fleshi na kuongezwa kwenye kompyuta nyingine bila kutumia mega hata moja. Nano nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kwa mawasiliano ya USB, na Windows huenda ikahitaji draiva yake. Kompyuta isipoiona bodi kabisa, badilisha kebo kabla ya jambo lingine lolote. Kebo nyingi za simu za bei rahisi zina nyuzi za chaji tu. Ikiiona lakini programu ikakataa kupanda, chagua kichakataji chenye maneno "Old Bootloader" kwenye menyu ya bodi.

Usianze na maonyesho. Anza na taa tatu:

```
#include <FastLED.h>

const int PINI = 6;
const int IDADI = 60;
CRGB taa[IDADI];

void setup() {
  FastLED.addLeds<WS2812B, PINI, GRB>(taa, IDADI);
  FastLED.setMaxPowerInVoltsAndMilliamps(5, 2000);
  taa[0] = CRGB(255, 0, 0);
  taa[1] = CRGB(0, 255, 0);
  taa[2] = CRGB(0, 0, 255);
  FastLED.show();
}

void loop() {
}
```

Taa ya kwanza iwe nyekundu, ya pili ya kijani, ya tatu ya bluu. Nyekundu na kijani zikibadilishana mahali, mkanda wako una mpangilio tofauti, na neno GRB libadilishwe kuwa RGB. Kumbuka kwamba kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo LED ya mwisho ni ya 59. Programu ikijaribu kuandika kwenye ya 60, haitalalamika, bali itaharibu kumbukumbu ya jirani na kuleta vituko visivyoelezeka.

Mstari wa miliampea 2000 ni muhimu kuliko unavyoonekana. Unaiambia maktaba ipunguze mwanga kila mara inapokadiria kwamba rangi ulizoomba zitavuka ampea 2. Ni makadirio, si kipimo, na hayachukui nafasi ya fyuzi; lakini yanazuia kosa la programu lisiwe kosa la umeme. Kwa rafu ya butiki ampea 2 ni nyingi, na nyeupe kamili ya LED 60 mbele ya uso wa mteja ni adhabu.

Hatua ya saba: mwendo

Taa tatu zikikubali, badilisha sehemu ya loop, ambayo bodi huirudia bila kikomo, iwe hivi:

```
void loop() {
  static int nafasi = 0;
  fadeToBlackBy(taa, IDADI, 40);
  taa[nafasi] = CRGB(255, 120, 20);
  FastLED.show();
  nafasi = (nafasi + 1) % IDADI;
  delay(30);
}
```

Taa moja ya rangi ya chungwa itakimbia kutoka mwanzo hadi mwisho ikiacha mkia unaofifia nyuma yake. Namba 40 ikiongezwa, mkia hufupika. Namba 30 ikipunguzwa, mbio huongezeka. Hapo ndipo panapofaa kucheza kwa muda mrefu, kwa sababu karibu kila onyesho linaloonekana la ajabu limejengwa kwa mambo haya matatu tu: kufifisha, kuchora, kuonyesha.

Jicho halioni mwanga kwa mstari ulionyooka, na thamani ya 128 huonekana kuwa zaidi ya nusu ya 255. Ukitaka taa ipande polepole na sawasawa machoni, chukua thamani, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa 255. Ukiongeza kitufe cha kubadili onyesho, acha kutumia delay (amri ya kusubiri) na upime muda kwa millis (saa ya ndani ya bodi), kwa sababu wakati wa delay bodi haisomi kitufe.

Nano ina kumbukumbu ya baiti 2048, na kila LED hutumia tatu. LED 300 hula baiti 900 na bado kuna nafasi. LED 600 zingehitaji 1800, na kinachobaki hakitoshi mahitaji mengine ya programu. Kwa mkanda wa namna hiyo hamia bodi ya ESP32.

Kutumia ESP32

ESP32 ina kumbukumbu kubwa na Wi-Fi, lakini pini zake hutoa volti 3.3. WS2812B inayolishwa volti 5 huhitaji data ifikie asilimia 70 ya volti hizo, yaani 3.5. Ndiyo maana mtu mmoja atakuambia inafanya kazi bila shida na mwingine atasema taa zake zinamemeteka ovyo: wote wako kwenye ukingo. Tiba safi ni chipu ya 74AHCT125 inayolishwa volti 5, ambayo hutambua volti 2 kuwa moja na kutoa 5. Ikikosekana, tia diodi ya 1N4001 kwenye chanya ya LED ya kwanza peke yake. Itaishusha hadi karibu volti 4.3, kizingiti chake kitakuwa 3.0, na ishara itakayoitoa itatosha kwa zinazofuata.

Asiyetaka kuandika programu aweke WLED, ambayo ni programu huria. Bodi hutengeneza mtandao wake wa Wi-Fi, simu hujiunga nao, na ukurasa wa kuchagua rangi hufunguka kwa anwani ya 4.3.2.1 bila mega wala antena ya nje.

Hatua ya nane: betri ya siku za delestaji (mgao wa umeme)

Betri ya volti 12 ya sola isifungwe moja kwa moja kwenye mkanda wa volti 5. Inapochajiwa hufikia zaidi ya volti 14, na WS2812B imepangiwa isizidi 5.3. Katikati uweke kigeuzi cha kushusha volti. Moduli yenye chipu ya LM2596 huandikwa ampea 3 lakini hupata joto sana ikivuka 2, kwa hiyo yenye XL4015, ya ampea 5, ni chaguo bora. Kabla ya kuunganisha mkanda, washa moduli peke yake, pima kwa maltimita, na uzungushe skrubu yake hadi 5.0. Moduli hizi zinaweza kutoka dukani zikiwa zimewekwa volti yoyote ile. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye chanya ya betri, karibu na betri yenyewe, si karibu na mkanda.

Onyesho la wastani litumie ampea 1 kwa volti 5, yaani wati 5. Kigeuzi chenye ufanisi wa asilimia 85 kitachukua karibu wati 6 kutoka kwenye betri, sawa na nusu ampea kwa volti 12. Betri ya asidi ya ampea-saa 7 isiyoteremshwa chini ya nusu itatoa saa saba. Benki ya umeme ya simu nayo inafaa kwa majaribio, ila nyingi hujizima zinapoona matumizi ni madogo.

Kubandika na kutengeneza

Gundi ya mgongoni haishiki kwenye vumbi jekundu la kiangazi. Pangusa mbao kwa spiriti, subiri zikauke, kisha bandika. Nje ya butiki, chini ya mvua za Novemba hadi Machi, tumia mkanda wenye gamba la silikoni la kiwango cha IP65 au zaidi, na uzibe ncha ulizokata kwa silikoni, kwa sababu maji huingilia hapo.

LED ikifa, kata kwenye mistari miwili inayoizunguka, lehemu nyingine mahali pake mshale ukielekea upande ule ule, na taa zote za nyuma zitarudi. Kwa hiyo kipande kilichobaki siku ya kukata mkanda kihifadhiwe ndani ya mfuko pamoja na kikaratasi chenye aina ya chipu na volti zake, kwani mkanda utakaonunuliwa mwakani kwa muuzaji yule yule unaweza kuwa na toleo lingine lenye mpangilio mwingine wa rangi.